Timu yako ikishuka madaraja mawili, bado utakwenda uwanjani?

#1 Fundi Saa
Wakuu, salamu. Hapa Dar es Salaam kila mtu anajiita shabiki wa damu, na wengi wetu tunaapa kwamba tutazikwa na jezi. Lakini Simba na Yanga hazijawahi kushuka daraja tangu ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, kwa hiyo uaminifu tunaojivunia haujawahi kupimwa. Tumevumilia kukosa ubingwa na kufungwa na mtani. Hatujawahi kuvumilia Jumamosi ambayo timu yetu inacheza Championship, au chini zaidi kwenye First League, katika uwanja usio na jukwaa na bila kamera hata moja ya televisheni.

Dai langu ni kwamba daraja lina uzito kuliko tunavyokiri. Timu hizi zikikaa chini misimu mitatu, nusu ya Kariakoo itahamia Chamazi kushangilia Azam. Nipingeni kwa hoja, si kwa matusi.

#2 Kijani Daima
Hoja nzuri, ila jaribio hilo lianze na watani zetu, nasi tutakaa pembeni kuandika matokeo.

Nikiacha utani, daraja halina maana kwa shabiki wa kweli. Iangalie Sunderland ya Uingereza, ambayo jina lake watani walilitumia hadi mwaka 1971 walipoamua kuitwa Simba. Timu hiyo ilianguka kutoka Ligi Kuu hadi daraja la tatu kwa msimu mmoja, na watu waliendelea kujaa.

#3 Mtunza Kumbukumbu
Rekebisho kwa #2: hakuna timu inayoshuka madaraja mawili kwa msimu mmoja kwa matokeo ya uwanjani. Sunderland ilishuka mwaka 2017, kisha ikashuka tena mwaka 2018. Kuhusu watu kujaa uko sahihi, maana tarehe 26 Desemba 2018 walihesabiwa watazamaji 46,039 katika mechi ya daraja la tatu dhidi ya Bradford City. Walikaa huko misimu minne, wakapanda mwaka 2022, na Ligi Kuu wakairejea mwaka 2025.

Mfano mzito zaidi ni Rangers ya Glasgow. Mwaka 2012, baada ya kuporomoka kifedha, ilianzia daraja la nne la Uskoti, na mwezi Agosti mwaka huo watu 49,118 waliingia Ibrox kuiona ikicheza na East Stirlingshire. Kwa mizani hiyo, Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 ungejaa kwa zaidi ya asilimia 80, na hiyo ni mechi ya daraja la nne.

#4 Dalali wa Ilala
Takwimu za Ulaya hazinishawishi. Sunderland ni mji wenye klabu moja kubwa. Mtu wa pale akiiacha timu yake itambidi ashangilie Newcastle, na heri afe. Hapa mtu akiiacha timu yake anavuka barabara tu, kwa sababu kutoka Msimbazi kwa Simba hadi Jangwani kwa Yanga ni mwendo wa miguu. Palipo na mbadala karibu, uaminifu ni mwepisi.

#5 Mtunza Kumbukumbu
Mkuu #4, Manchester City inaipinga hoja hiyo. Msimu wa 1998/99 ilicheza daraja la tatu huku Manchester United, jirani yake wa mji uleule, akitwaa Ligi Kuu, Kombe la FA na Ligi ya Mabingwa wa Ulaya kwa mpigo. Mbadala ulikuwa mlangoni na uking'aa kuliko wakati mwingine wowote, lakini wastani wa watazamaji wa City ulizidi 28,000 kwa mechi. Na United wenyewe waliposhuka mwaka 1974, msimu uliofuata waliongoza nchi nzima kwa wastani wa mahudhurio wakiwa daraja la pili.

#6 Mzee wa Gerezani
Vijana wangu, mnakwenda mbali kutafuta mfano wakati Kariakoo upo. Mimi ni Pan African.

Kwa wasiojua, mgogoro wa Yanga wa katikati ya miaka ya sabini uliigawa klabu makundi mawili, Raizoni na Kandambili. Raizoni waliondoka, na mwaka 1976 Pan ikazaliwa. Haikuwa timu ya kubahatisha, kwani mwaka 1982 ilikuwa bingwa wa nchi. Baadaye ikashuka, na kwa miaka mingi sasa inahangaika katika madaraja ya chini. Kwa hiyo, ndugu Fundi Saa, jaribio unalolitaka limekwisha kufanyika hapahapa mjini.

Matokeo yake ndiyo haya. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule hatukuhama. Mpaka leo nikikutana na mwenzangu wa Pan tunazungumza kama ndugu waliotengana, na timu inapocheza jijini wapo wazee wanaokwenda kukaa juani kuitazama. Tulichoshindwa ni kurithisha. Wanangu wawili ni Yanga, wa tatu ni Simba kwa sababu mjomba wake alinitangulia kumnunulia jezi. Kwao Pan ni kama nyumba ya urithi pale Kariakoo: wanajivunia kuwa ni ya ukoo, lakini hakuna anayetaka kuishi humo. Daraja halikumbandua shabiki aliyekuwepo. Lilimzuia yule ambaye angekuja.

#7 Fundi Saa
Mzee, shikamoo na asante. Lakini je, hiyo si kusema kwamba daraja lina maana, ila kwa kuchelewa kizazi kimoja?

#8 Mzee wa Gerezani
Marahaba. Liseme hivyo ukipenda. Ila usisahau kwamba hata kabla ya Pan kushuka, wengi wa waliotufuata walikuwa na mguu mmoja Jangwani. Mgogoro ulipopoa walirudi kimyakimya, na wakati huo tulikuwa bado ligi ya juu. Usilibebeshe daraja mzigo usio wake. Vilevile, ninyi Simba msijione mmezaliwa juu: mwaka 1988 mlikuwa mnachungulia shimo la kushuka, na ushindi dhidi ya Yanga ndio uliowaokoa.

#9 Mwekundu Tulivu
Ushindi huohuo uliwakosesha Yanga ubingwa, mzee, kwa hiyo hata tukiwa mahututi tulikuwa na kazi ya kufanya.

#10 Binti wa Chumbageni
Na ubingwa huo wa 1988 ulikwenda Coastal Union, Tanga. Nashukuru kwa kunifungulia mlango.

Ninyi wa Dar es Salaam mnajadili kushuka kama jambo la kufikirika. Mwaka 2016 timu tatu zilizoshuka Ligi Kuu zilikuwa Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, na zote tatu ni za Tanga. Ndani ya msimu mmoja mkoa mzima ulipoteza timu zake zote za Ligi Kuu. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuhamia Mbagala kikazi, na ninakumbuka kwamba katika kundi letu la Wagosi wa Kaya, yaani mashabiki wa Coastal, walioko Dar hakuna aliyetangaza kuhama. Kilichobadilika ni mazungumzo. Zamani tulijadili mechi ijayo. Baada ya kushuka tulijadili mechi za kale, mwaka 1988, nani alipiga pasi na nani alikosa penalti. Timu ilipopanda tena mwaka 2018, tuligundua kwamba wengi wetu hatuyajui majina ya wachezaji waliotupandisha.

Kwa hiyo namuuliza kila mtu hapa: anayeipenda timu bila kujua inacheza na nani wiki hii bado ni mwaminifu, au anapenda ujana wake tu?

#11 Kijani Daima
Swali la #10 limenipiga. Nitarudi.

#12 Dalali wa Ilala
Dada, nikuulize na mimi. Yanga au Simba ikija Mkwakwani, jukwaa la Tanga huwa rangi gani?

#13 Binti wa Chumbageni
Huwa mchanganyiko, na unalijua hilo ndiyo maana umeuliza. Wapo Watanga wengi wenye timu mbili, moja ya nyumbani na moja ya Kariakoo, na siku hiyo huvaa ya Kariakoo. Lakini Coastal ikicheza na timu nyingine yoyote, jukwaa ni letu, na siku hizo ndizo zinazostahili kuhesabiwa.

#14 Kaka Mhasibu
Naomba niseme jambo ambalo mashabiki hawapendi kulisikia. Swali la kama daraja lina maana kwa shabiki ni dogo, kwa sababu daraja lina maana kwa klabu, na shabiki hawezi kuendelea kuipenda klabu ambayo haipo tena.

Timu ikishuka, inapoteza kwanza ujio wa Simba na Yanga, na kwa timu nyingi za mikoani mechi hizo mbili za nyumbani ndizo zinazojaza kapu la viingilio la msimu. Fungu la haki za matangazo la Ligi Kuu nalo linaondoka, na wadhamini wanafuata. Wachezaji wazuri hawasubiri. Baada ya misimu miwili viongozi wamechoka, madeni yamelundikana, na anatokea tajiri mwenye nia njema au mbaya anayetaka nafasi ya timu kuliko timu yenyewe. Jina linabadilishwa, makao yanahamishwa, na yule shabiki aliyesema daraja halina maana anabaki na skafu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Ihefu, iliyogeuzwa kuwa Singida Big Stars.

#15 Mtunza Kumbukumbu
Tuliweke sawa hilo, maana majina ya Singida yanawachanganya wengi. Singida Big Stars ilitokana na DTB iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2022. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate, na sasa ni Fountain Gate. Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, ndiyo iliyogeuka kuwa Singida Black Stars mwaka 2024. Na hapa ndipo hoja ya #14 inapopata tundu, kwa sababu Ihefu haikuondolewa Mbarali kwa kushuka daraja. Iliondoka ikiwa Ligi Kuu. Hii ndiyo timu iliyoifunga Yanga 2-1 Novemba 2022 na kukatisha mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Daraja la juu halikumlinda shabiki wa Mbarali. Pengine ndilo lililoifanya timu yake itamanike.

#16 Mwekundu Tulivu
Mechi hiyo ya Mbarali naomba isimuliwe tena, taratibu, kuanzia dakika ya kwanza.

#17 Kijani Daima
Mwekundu, kabla hatujafika huko, tusimulie Desemba 2017, Green Warriors walipowatoa kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini mkiwa ndio mabingwa watetezi, halafu Desemba 2018, Mashujaa ya Kigoma ilipokuja Dar es Salaam na kuwafunga 3-2. Zote mbili zilikuwa timu za madaraja ya chini. Siku hizo mlijifunza maana ya daraja bila kushuka.

#18 Mama wa Kinondoni
Tusitoke nje ya mada. Nimesoma kuanzia juu na naona mnachukulia kwamba kupanda ni neema na kushuka ni msiba. Kwangu ilikuwa kinyume.

Nilikuwa nikiifuata timu ndogo ya wilaya yetu, ambayo sitaitaja. Ilipokuwa daraja la chini niliwajua wachezaji wote kwa majina na kwa mama zao. Kipa alikuwa fundi seremala wa mtaa wa pili, beki wa kati alikuja kwenye msiba wa baba yangu akabeba jeneza. Mechi zilichezwa jioni, tukiwa tumemaliza shughuli, na watoto waliingia bure. Ilipopanda, ndani ya msimu mmoja kipa wetu alikuwa amewekwa benchi na nafasi yake kuchukuliwa na mgeni, mechi zikahamishiwa uwanja wa mbali, na uongozi ukajaa watu ambao sikuwahi kuwaona juani pamoja nasi. Niliendelea kwenda kwa muda, kisha nikaacha. Timu iliposhuka sikulia. Nilitumaini tu kwamba itarudi kuwa yetu, na haikurudi.

Kwa hiyo naamini uaminifu unafuata ukaribu, na daraja lina maana pale tu linapougusa ukaribu huo.

#19 Shuka Jekundu
Mama #18 amesema yote. Nendeni uwanja wa Kinesi siku ya Ndondo muone. Hakuna daraja lolote pale, ni mashindano ya mitaa, na bado watu wanapanda juu ya kuta na matawi ya miti. Mtu wa Manzese anayewashangilia vijana wa Manzese hajui hata kama wamesajiliwa kwenye ligi yoyote.

#20 Dalali wa Ilala
Napinga. Ndondo ni sherehe ya wiki chache, yenye ngoma, zawadi na nyota wa Ligi Kuu waliokuja kuzisaidia timu za mitaa yao. Fanya Ndondo iwe miezi tisa, kila wiki, timu yako ikiwa imefungwa mechi tano mfululizo, halafu uniambie ni nani amebaki juu ya ukuta. Uaminifu unapimwa na kuchosha, na mashindano ya mitaa hayachoshi.

#21 Msukuma wa Tabata
Mimi ni Pamba ya Mwanza, maarufu kama TP Lindanda. Tulishuka mwaka 2001, tukarejea Ligi Kuu mwaka 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka tunashuka alikuwa na miaka 23 tunapopanda. Mzee wa Gerezani anasema daraja linazuia kurithisha, nami nashuhudia kwamba si lazima. Baba yangu alinirithisha timu ambayo sikuwahi kuiona Ligi Kuu, kwa hadithi tu. Nimekulia Dar es Salaam, na shuleni nilichekwa sana kwa sababu kila mtoto aliulizwa "Simba au Yanga?" na jibu langu halikuwamo kwenye swali.

#22 Kaka Mhasibu
Hongera kwa uvumilivu, mkuu. Lakini tuwe wakweli: Pamba haikurudishwa na hadithi za baba. Leo inaitwa Pamba Jiji kwa sababu Halmashauri ya Jiji la Mwanza ndiyo iliyoibeba. Bila mkono huo, mngekuwa bado mnasimuliana.

#23 Msukuma wa Tabata
Na Halmashauri ingeibeba kwa nini, kama hakukuwa na watu wanaolilia jina hilo? Wangeweza kuunda timu mpya, wakaipa jina la samaki.

#24 Mtunza Kumbukumbu
#22 na #23, kuna mfano unaowahusu nyote wawili. Mwaka 2002, Wimbledon ya London iliporuhusiwa kuhamia Milton Keynes, mashabiki hawakuifuata. Waliunda klabu yao, AFC Wimbledon, wakaanzia daraja la tisa. Klabu ya zamani, iliyohamishwa mwaka 2003, ilikuwa juu yao kwa madaraja mengi. Kufikia 2011 mashabiki hao walikuwa wameipandisha timu yao mara tano hadi daraja la nne. Watu wale walipewa kuchagua kati ya daraja na klabu wanayoitambua kuwa yao, na wengi walichagua klabu. Lakini pia ni kweli kwamba hawakukaa chini kwa kuridhika. Walitaka kupanda, na walipanda.

#25 Fundi Saa
Ninyi mnaipinga hoja yangu na kuijenga kwa wakati mmoja. Nataka turudi kwa Simba na Yanga, kwa sababu hizo ndizo timu za wengi tuliomo humu. Nani anaweza kunieleza kwa nini hata mashabiki wenye chuki kali hawaonekani kumwombea mtani ashuke?

#26 Mwekundu Tulivu
Nitajibu kwa dhati. Nimekaa vijiweni tangu utotoni na nimesikia laana za kila aina dhidi ya Yanga: wafungwe, wagombane, wakose hata nauli ya kwenda Kigoma. Sijasikia mtu akisema washuke akimaanisha. Mwaka mtu akifungwa mechi zote mbili za watani anaficha jezi, lakini mwaka usio na mechi hizo hajui aishi vipi. Nadhani tunachokipenda hasa ni ile hali ya kuwa wawili. Yanga ikishuka, nitacheka wiki nzima, na Jumatatu inayofuata sitakuwa na mtu wa kumsubiri kazini. Kwa maana hiyo daraja lina maana kubwa kwangu, ila ni daraja la mwenzangu.

#27 Kijani Daima
Kwa mara ya kwanza tangu nijiunge humu nakubaliana na mtu wa Msimbazi, na ninaomba isitumike dhidi yangu.

Narudi kwa swali la Binti wa Chumbageni. Nimejihoji, nikaona kwamba hata sasa, Yanga ikiwa juu, kuna wiki ambazo siwezi kutaja wachezaji kumi na mmoja walioanza. Nafika kibanda umiza kipindi cha pili, nashangilia, naondoka. Kwa hiyo kama ujuzi ndio kipimo, nimeshindwa bila kushuka daraja.

#28 Binti wa Chumbageni
Basi karibu Coastal. Kwetu kiti kipo, na hutaulizwa kikosi.

#29 Mzee wa Gerezani
Akija Coastal apitie na Pan njiani, maana tunahitaji vijana. Na kama yupo mwenye jezi ya Pan ya zamani, hata iliyochakaa, anitumie ujumbe wa faragha tuelewane bei.

#30 Dalali wa Ilala
Mzee, jezi naweza kukutafutia pale Karume, lakini mtani wangu Fundi Saa hajajibu swali lake mwenyewe. Ametuuliza sote kama tutakwenda uwanjani. Yeye atakwenda?

#31 Fundi Saa
Msimu wa kwanza nitakwenda, kwa hasira. Wa pili nitategemea ratiba. Kuhusu wa tatu ndipo nilipoanzisha uzi huu, na majibu yote haya hayajanisaidia kujua.

#32 Kaka Mhasibu
Msimu wa tatu timu itakuwa imeuzwa, mkuu. Utakuwa unasafiri kwenda Singida.